Transiti ndefu si tiketi mbaya, jamani

Mie nakata tiketi za ndege, na naandika hii ili akija mteja mwengine kulalamikia transiti ndefu, yaani zile saa za kungojea ndege ya pili katikati ya safari, nimtumie linki tu, nami niendelee na kazi zangu.

Wiki hii kaja kijana, likizo ya Disemba anataka kumpeleka mkewe Istanbul kupitia Doha. Namtolea safari, bei imekaa vizuri, kakunja uso: "Dada, hii ina transiti ya saa kumi na moja, tiketi mbaya hii, nitafutie ya saa moja." Nikamuuliza, na ndege ya kwanza ikichelewa dakika arobaini? Kimya. Akanambia rafiki yake alipita na saa moja tu na hakuna kilichotokea. Haya.

Sijui nani aliwafundisha watu wetu kuwa transiti fupi ndo hadhi na ndefu ni adhabu. Saa moja kwenye karatasi si saa moja ya miguu. Ndege ikitua inazunguka kwanza, milango inachelewa kufunguliwa, unapanga foleni ya ukaguzi tena, na geti la pili linafungwa kabla ya saa ya kuruka iliyoandikwa. Ukiikosa na tiketi ni moja, shirika litakuweka ndege inayofuata, kweli, lakini mmoja huwekwa kirahisi, sio baba na mama na watoto watatu mwezi wa Disemba. Na wewe ukikimbia ukawahi, begi halina miguu ya kukimbia.

Sasa hiyo ndefu. Kama unakwenda likizo, saa kumi na moja unazo wewe, hujaibiwa. Ila uzihesabu sawasawa. Kwenye kumi na moja toa moja na nusu ya kushuka na uhamiaji, toa tatu za kuwa umesharudi uwanjani, toa moja na nusu au mbili za barabarani kwenda na kurudi. Zimebaki nne na nusu, tano hivi. Hizo zinatosha kula vizuri, kuona kitu kimoja, kusali bila haraka na kurudi. Kitu KIMOJA. Ukinambia utaona mji mzima nakucheka. Kwenye saa sita ukifanya hesabu hiyohiyo hubaki na kitu, kaa ndani ulale. Zile nane nane ndo zinazonitesa hata mie, kuna mteja nitamwambia toka na kuna mteja nitamwambia kaa, naangalia miaka yake na viatu vyake, fomula sina.

Na tazama unatua saa ngapi! Transiti ya saa kumi inayoanza saa nane usiku ni benchi, maana mpaka maduka na makumbusho yafunguliwe unatakiwa uanze kurudi. Hapohapo angalia tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40 basi uwe kiwanjani usiku wa 14. Bibi zetu wasingekosea hapa, kwao usiku hutangulia mchana, usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi ikishaingia magharibi. Wanaokosea ni hawa wenye simu mbili.

Haya, tuje kwenye kinachonipandisha presha, nacho ni tiketi mbili. Mtu kanunua mwenyewe mtandaoni, Unguja mpaka Nairobi shirika moja, Nairobi mpaka huko anakokwenda shirika jengine, kila moja na namba yake ya bukingi, halafu ananijia na karatasi mbili: "Dada nitazamie transiti yangu." Huna transiti weye! Una safari mbili ambazo zimetokea kufuatana. Shirika la pili halijui kama upo angani, halikusubiri, ukichelewa wewe ni abiria ambae hakutokea na hela imekwenda. Begi nalo mara nyingi hupewi tagi ya mpaka mwisho, unatakiwa uingie nchini, ulitoe kwenye mkanda, upange foleni uchekini upya, na kaunta ina saa yake ya kufunga. Maana yake hata kama hukutaka kutoka nje utatoka, na kama nchi ile inakutaka viza basi umekwama, pengine hata Unguja hawakupandishi. Ndo hapo zile dola sabini ulizookoa zinapoanza kulia. Sisemi usinunue tiketi mbili, wakati mwengine bei inakuita kweli, ila basi iweke ndefu makusudi, usiku mzima ikiwezekana, ulale mjini kama mtu anaejua anachofanya. Ukiwa na tiketi mbili na saa mbili katikati, mie sitaki hata kuiona.

Ndugu zangu wa Pemba mnielewe hapa, maana nyie mna tiketi mbili kabla hamjafika hata kiwanjani. Boti ya kutoka bandari ya Mkoani na ndege ya Unguja hazijuani. Kusi likipiga, tahadhari ya upepo ikitoka, boti haiondoki, na ndege haina habari na bahari. Lakini nnaona watu wanapanga kushuka bandarini Malindi mchana na kuruka jioni! Njoo siku moja kabla. Transiti yako ya kwanza ni Unguja, na hii haina viza, unalala kwa shangazi, jioni unakwenda Forodhani, asubuhi unabadilisha hela kwa utulivu na kuchapisha karatasi zako. Mie naona huo usiku una raha kuliko nusu ya safari, ila watu wanauchukulia mzigo kwa vile ni nyumbani.

Kuna na kundi jengine, hawa wajanja. "Nitafutie transiti ndefu ya Addis ili nipewe hoteli." Shirika la Ethiopian kweli hutoa hoteli kwa transiti ya kuanzia saa nane mpaka 24, tiketi ikiwa moja, lakini kwa kawaida ni pale ambapo ndege ya kuunganisha iliyo karibu zaidi ndo hiyo. Ukiiacha ya saa tatu makusudi ukachagua ya saa kumi na tano, hiyo ni hiari yako na kitanda ni chako kulipa. Na Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, usiku baridi lake si la mchezo. Unamwona mtu wetu kashuka na kanzu nyepesi na makubadhi, koti limo ndani ya begi kubwa, na begi kubwa halionekani mpaka mwisho wa safari. Koti, dawa, chaja, nguo moja na vya mtoto vikae begi la mkononi.

Vya kula visikae humo. Kuna mama mmoja alinyang'anywa chupa ya achari ya ndimu na asali ya Pemba kwenye ukaguzi wa transiti, kwa sababu viwanja vingi chombo cha maji maji kinachozidi mililita 100 hakipiti, hata kama huku kilipita. Alilia. Achari, asali, na halua ya Wete kwa usalama zaidi, vyote begi kubwa, vifungwe kwa nailoni mara tatu.

Viza. Bodingi pasi ya mbele si viza. Narudia kwa sababu kila mtu ananibishia: kuwa na safari ya kuendelea kwa kawaida kunakuruhusu kukaa ndani ya uwanja, kutoka mlangoni ni jambo jengine na linaamuliwa na pasipoti yako. Shirika la Turkish wana yale matembezi ya bure Istanbul kwa wenye transiti ya saa sita mpaka 24, usafiri na chakula juu yao, safi sana, ila matembezi hayakupi viza, na Mtanzania Uturuki anaitaka. Dubai kuna viza ya transiti ya saa 48 na ya 96, lakini inaombwa kabla kupitia shirika la ndege, sio ufike pale uanze kutabasamu.

Kwa pasipoti yetu rahisi kuliko zote ni Nairobi, unaingia bila viza, na mbuga yao ya tangu 1946 iko pembeni mwa jiji, unaona twiga na nyuma yake maghorofa. Foleni ya Mombasa Road ipo, lakini tangu 2022 kuna ile barabara ya juu ya kulipia, lipa. Doha ukiwa na ruhusa ya kuingia, mji uko karibu na uwanja na metro inafika, Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu peke yake inatosha kumaliza saa zako. Muscat sihitaji kuwaeleza, viza ikishatoka ndugu watakuja kukuchukua wenyewe, utazungumza Kiswahili mtaa wa Mutrah mzima, na shida yako itakuwa kuwakatiza stori urudi kiwanjani.

Wenye watoto wadogo siwalazimishi. Saa tano za mji na mtoto wa miaka miwili, sina hakika kama ni starehe au ni kazi ya ziada, na nimeshawaona waliorudi wanasifu na waliorudi hawasemeshani.

La mwisho, kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ukipitia Nairobi au Addis ukakaa zaidi ya saa 12, wakati wa kurudi nyumbani unaweza kudaiwa, na chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usiikumbuke usiku wa kufunga mabegi. Ukishachanja ni ya maisha. Na jina la kwenye kadi liwe sawasawa na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.