Bunduki ya babu ilishakatwa mtutu, tuirudishe ilivyokuwa?

Kuna kijana wa upande wa Kondoa kanipigia simu makumbusho, anasema bunduki ya babu yao anataka irudi kama zile za kwenye picha za askari wa Mjerumani, na vipande ameshaviona mtandaoni. Nikamuuliza kwanza iko wapi, akasema kituo cha polisi, walishaipeleka wenyewe. Nilifurahi kweli, manake Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haiangalii kama ni urithi wa ukoo, na wewe ukikuta bunduki darini kwa marehemu usiishike wala usijaribu kuifungua, ita polisi waje wakague, inaweza kuwa na risasi ndani mpaka leo.

Basi tukakutana palepale kituoni, kijana na mama yake mdogo. Ni Mauser ya 1871, bunduki ya Kijerumani, ile ya risasi moja moja ya milimita 11. Askari wengi wa Mjerumani walipigana nayo huku kwetu vita ya kwanza, na baruti yake ilikuwa inatoa moshi mkubwa adui anajua kabisa umejificha wapi. Mei 1916 walipigana vikali pale Kondoa Irangi, Julai Waingereza na Makaburu wakaingia Dodoma. Ikiwa nzima ina karibu mita 1.35, hii haifiki hata mita moja. Mtutu umekatwa kwa msumeno na alama za meno bado zipo, mbao ya mbele ni mninga wa kuchonga kwa mkono, halafu pale shingoni kwenye kitako ambapo mbao ilivunjika pamevishwa ngozi ya ng'ombe, ilishonwa mbichi ikakaukia hapohapo ikabana ngumu kama chuma. Mama mdogo akapitisha kidole kwenye ile mishono akasema babu alikuwa analindia mtama nguruwe pori wasimalize shamba.

Sasa kijana anataka hiyo ngozi itoke!

Kuna bunduki ningesema sawa. Baada ya vita ya pili, kule Uingereza na Marekani ziliuzwa bei ya chini sana bunduki za jeshi, zile Lee-Enfield za Waingereza na Mauser, watu wakapunguza mbao ili ziwe nyepesi za kuwindia. Kama ni mbao tu iliyokatwa, mtutu mzima, chuma hakijatobolewa kufunga darubini, basi kurudisha mbao hakuharibu kitu, mradi ile iliyotoka uitunze na uandike imetoka kwenye ipi. Ila mtutu ukishakatwa ndo basi, hapo haurudishi unatengeneza bunduki nyingine, na hicho kipande unachonunua mara nyingi kimetoka kwenye bunduki nzima iliyobomolewa na mtu ili auze vipande. Na kubadilisha mtutu wa silaha sio kazi ya fundi wa mtaani hata siku moja.

Mimi mwenyewe bado inaniuma, zamani naanza kazi niliruhusu fundi apige msasa kitako cha bunduki moja ya zamani kisha vanishi, iking'aa tukashangilia, baadae naangalia picha ya kabla naona chini ya ule uchafu kulikuwa na namba imechongwa. Imeenda. Namba ndo inakuambia chuma hiki na mbao hii vilizaliwa pamoja au vimekutana njiani.

Kwa hiyo kabla ya chochote piga picha kila upande, kila muhuri. Shika na glavu manake jasho lina chumvi. Kutu futa kwa kitambaa na mafuta mepesi, grisi nzito kwa vumbi letu la Dodoma inageuka msasa. Usiifungie kwenye ala ya ngozi, inavuta unyevu, na kiangazi usiiache karibu na bati, mbao inasinyaa inapasuka, mvua za Desemba zikija inavimba tena.

Ile ya Kondoa tumeipima, tumesoma namba, ngozi imebaki pale pale. Kijana hakufurahi siku ile, ila juzi kanitumia sauti ya mama yake mdogo aliyoirekodi kwa simu, anaeleza ngozi ilitoka kwa ng'ombe gani.