Refraktomita mbili, asali moja: anova inajibu nini?

Asali yetu ya Tabora hupimwa unyevu kwanza, bei baadaye. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Ikizidi, huelekea kuchacha. Kwa hiyo refraktomita (kifaa kinachokadiria unyevu kwa jinsi asali inavyopinda mwanga) ya mnunuzi isipoelewana na ya chama cha wafugaji nyuki, anayeumia ni mwenye ndoo. Ndiyo maana nalitilia mkazo suala la kulinganisha vifaa, na chombo cha kwanza ni anova, mbinu ya takwimu inayopima kama wastani wa makundi unatofautiana.

Wengi huingiza data kwenye R, programu ya takwimu, na kuandika `aov(unyevu ~ njia)`, ambapo njia ni kifaa kilichotumika, basi. Hapo wameshapotea. Asali ya Sikonge na ya Urambo hazilingani unyevu, na hata mizinga ya msitu mmoja hutofautiana. Tofauti hizo zote zinaangukia kwenye masalio (tofauti zisizoelezwa na kifaa), F, yaani uwiano wa tofauti ya vifaa kwa masalio, inakuwa ndogo, na tofauti ya vifaa inazama humo. Ronald Fisher, aliyeijenga mbinu hii huko Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, alikabiliana na jambo hilohilo shambani: udongo haulingani rutuba, akagawa shamba vitalu. Kwetu kitalu ni ndoo. Andika `aov(unyevu ~ sampuli + njia)`. Na kama sampuli umezipa namba 1, 2, 3, zigeuze kwanza kwa `factor()`, la sivyo R itadhani namba hizo ni kiasi.

Sasa p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii kwa bahati tu, vifaa vikiwa sawa kwa wastani) imetoka kubwa. Je, vifaa vinakubaliana? Hapana, hujathibitisha hivyo. Chukua mfano: kifaa cha kwanza kinasoma ndoo mbili asilimia 17 na 21, cha pili kinasoma 19 na 19. Wastani ni 19 kote, anova haioni tofauti yoyote ya njia. Lakini ndoo ya pili inakataliwa kwa kifaa kimoja na kupokelewa kwa kingine! Anova hapa inalinganisha wastani, na mfugaji hauzi wastani.

Dawa ni kurudia: pima kila ndoo angalau mara mbili kwa kila kifaa, kisha tumia `sampuli * njia`, inayoongeza mwingiliano wa sampuli na njia. Mwingiliano ukiwa mkubwa, vifaa vinapishana kutegemea asali yenyewe. Bila marudio, mwingiliano huo hauwezi kutenganishwa na makosa ya kawaida ya upimaji. Baada ya hapo fanya walichopendekeza Bland na Altman mwaka 1986: toa usomaji mmoja kwenye mwingine, chora tofauti hizo dhidi ya wastani wa kila jozi, weka mipaka ya wastani wa tofauti kujumlisha na kutoa 1.96 mara mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa tofauti hizo. Upana unaovumilika uamue kabla ya kupima.

Tofauti zote zikiegemea upande mmoja, angalia joto kwanza. Refraktomita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na mchana wa Oktoba hapa unapita hapo kwa mbali. Asali ikipata joto hupinda mwanga kidogo kuliko ikiwa baridi, yaani kipimo cha mpindo hushuka, na kifaa kisichojirekebisha huonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Ongeza safu ya joto kwenye jedwali lako tangu siku ya kwanza.