Nyaya za matairi kwenye zege: usizichome

Kutoka Uyole hadi Tunduma, barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, haikosi matairi chakavu ya malori. Tairi moja lina uzito wa kilo 50 hivi, na karibu robo yake ni chuma: nyaya nyembamba kama milimita 0.2, ambazo zikivutwa huhimili mara nne au zaidi ya nondo ya unene uleule. Inaniuma kuona chuma cha namna hiyo kikiteketezwa.

Zege lina nguvu likibanwa. Likivutwa, uwezo wake ni kama sehemu 1 tu ya 10. Ndiyo maana sakafu ya gereji, ikikanyagwa na magurudumu kila siku, huanza na ufa mwembamba, kisha kipande kizima kinabanduka. Nyuzi za chuma, kama hizi nyaya za tairi zikichanganywa kwenye zege, hazizuii ufa kuzaliwa. Kazi ya nyuzi inaanza hapo: zinashika kingo zote mbili, na ili ufa upanuke lazima kila uzi uchomolewe kwenye saruji. Vunja kipande cha zege tupu, kinakatika ghafla na kudondoka. Chenye nyuzi hupasuka, kinapinda, na ukichungulia ndani ya ufa unaona nyaya zimetanda upande hadi upande, bado zimeng'ang'ania.

Watu wengi huchoma tairi ili wapate waya. Moshi wake ni sumu, hilo linajulikana. Lisilosemwa ni kwamba nyaya hizi hupewa nguvu kwa kuvutwa zikiwa baridi kiwandani, na moto mkali unazilegeza. Zinazofaa ni zile zilizotenganishwa kwa mashine ya kusaga tairi, zikasafishwa mpira.

Kipimo cha kawaida ni kilo 20 hadi 40 za nyaya kwa meta moja ya ujazo ya zege. Nyunyiza kidogo kidogo mashine ya kuchanganyia zege ikizunguka, maana ukimwaga kwa mkupuo zinajisokota mabonge, na bonge ni tundu ndani ya zege. Zege litakuwa zito kumwaga. Fundi atataka kuongeza maji. Mkatalie, maji ya ziada yanapunguza nguvu ya zege.

Sakafu, uwanja wa kuegesha magari, njia za watembea kwa miguu: humo ndimo mahali pake. Lenta, boriti na nguzo ziacheni na nondo zake, hasa Mbeya, tunaishi juu ya Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Na upepo mkavu wa Julai ukivuma, funika sakafu kwa turubai siku ileile, uimwagilie maji wiki nzima.