Besi ndiyo inayoipa noti ya melodia maana

Prodyuza wengi wanaoanza huniletea kazi ambayo noti zake zote zimo ndani ya skeli, na bado muziki hautulii. Ukizikagua noti moja moja huoni iliyokosewa. Tatizo liko katika namna besi na melodia zilivyogawana noti hizo. Skeli hukuonyesha noti zinazoruhusiwa, lakini haikuonyeshi ipi ikae chini na ipi ipande juu.

Tuchukue skeli ya A maina, yenye noti A, B, C, D, E, F na G, ambayo kwenye kinanda huchezwa kwa vibao vyeupe pekee. Kwenye melodia weka noti moja tu, C, na uishikilie kwa mapigo 12, huku besi ikibadilika kila baada ya mapigo manne. Besi ikiwa A, hiyo C ni ya tatu ndogo (ukihesabu noti za skeli kuanzia ya besi: A, B, C), nayo ndiyo inayobeba huzuni ya maina. Besi ikihamia F, C ileile inakuwa ya tano, imara na tulivu. Besi ikienda D, C inageuka kuwa ya saba, na sikio linaanza kungoja kitu kifuate. Melodia haikusogea hata kidogo, lakini msikilizaji amepita katika hali tatu tofauti. Naomba ulifanye zoezi hili kwa mikono yako kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu maelezo yote yanayofuata yanatokana nalo.

Kwa hiyo mimi huanza na besi, na huipa noti chache: A, E na G, yaani ya kwanza, ya tano na ya saba. Sababu yangu ni kwamba besi isiyogusa noti ya tatu wala ya sita humwachia mwenye melodia mlango wazi. Juu ya besi hiyohiyo naweza kucheza F na kubaki katika maina ya kawaida, au kucheza F kali (F iliyopandishwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda) na kuingia katika skeli ya Doria, yaani maina yenye ya sita iliyopandishwa, ambayo ina mwanga kidogo, bila kugusa chochote kule chini. Roland TB-303, mashine ya besi iliyoanza kuuzwa mwaka 1981 na ambayo vijana wa Chicago waliigeuza kuwa sauti ya acid house, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, inafundisha jambo hilihili: utamu wa mistari yake mingi hutokana na kuruka oktava (kutoka noti hadi noti ya jina lilelile juu au chini yake), kukazia pigo na kuteleza kutoka noti hadi noti, wala si wingi wa noti.

Upo pia upande wa fizikia. A ya chini inayofaa besi ina hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde, na C iliyo juu yake ina hezi 65.4. Zikipigwa pamoja, tofauti ya takriban hezi 10 husikika kama mkwaruzo mzito, ilhali noti hizohizo zikipandishwa oktava mbili, yaani hezi 220 na 261.6, zinapatana vizuri. Chini kabisa, basi, noti moja kwa wakati inatosha. Kiki, yaani ngoma kubwa ya mdundo, nayo ina noti yake: ikiwa mkia wake umetua kwenye G ya hezi 49 huku besi ikishikilia A, sauti itapanda na kushuka mara sita kwa sekunde pale zinapolia pamoja. Ama ifupishe kiki, ama uihamishe iendane na besi. Ufunguo wenyewe nao uchaguliwe kwa kuangalia spika: F ya hezi 43.7 na G ya hezi 49 zina uzito ambao spika nyingi kubwa huubeba, ila A ukiishusha oktava moja zaidi inafika hezi 27.5, na hapo spika nyingi hukaa kimya.

Kuhusu melodia, wengi hukimbilia pentatoniki, yaani skeli ya noti tano, A, C, D, E na G, kwa sababu ni vigumu kukosea ndani yake. Ni kweli, lakini angalia kilichoondolewa: B na F, noti mbili zilizoachana kwa nusu toni sita, ambazo ndizo zenye mvutano mkubwa kuliko zote katika skeli hii. Huwa naandika melodia yote kwa pentatoniki kwanza, kisha narudisha B mahali pamoja tu, mara nyingi katika pigo dhaifu kabla ya besi kurudi A. Ikiwa wakati huo besi iko G, B hiyo ni ya tatu kubwa na inasikika kama mwanga. Nikiihamishia besi F, B ileile inauma, na inataka kupanda C au kushuka A mara moja.