Je, Wajua Jina la Ukoo Hufuatiliwaje Hadi Karne ya 16 Nchini Uingereza?

Mtu anayetafuta chimbuko la jina la ukoo wake nchini Uingereza huanza na wazee walio hai, kisha hurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Anayeanzia kwa mtu mashuhuri wa karne zilizopita na kujaribu kujiunganisha naye huenda akajijengea ukoo usio wake, kwa kuwa wengi walipata jina moja bila kuwa na undugu wowote. Smith, kwa mfano, maana yake ni mhunzi, na wahunzi walikuwa kila mahali.

Hatua ya kwanza ni sensa. Uingereza imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa vita, lakini ni sensa ya 1841 iliyoanza kuorodhesha majina ya watu wote nchini. Hata hiyo ina upungufu wake: umri wa waliozidi miaka 15 ulipaswa kushushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, hivyo mtu wa miaka 39 aliandikwa 35, na kuhusu alikozaliwa aliulizwa tu kama ni katika kaunti ileile alikohesabiwa, au kama ni Scotland, Ireland au nchi za nje. Kwa maoni yangu, hazina yenyewe ni sensa ya 1851, ambayo inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, umri wake na, la muhimu kuliko yote, parokia aliyozaliwa. Mzee wa miaka 70 aliyehesabiwa London mwaka huo anaweza kukuelekeza kwenye kanisa la kijiji alikobatizwa karibu 1781, zaidi ya nusu karne kabla serikali haijaanza kusajili vizazi, ndoa na vifo mwezi Julai 1837.

Kuanzia hapo kazi huhamia kwenye rejista za parokia, ambazo Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza zianzishwe mwaka 1538 ili kila ubatizo, ndoa na maziko viandikwe. Hapa ndipo wengi hupoteza njia, kwani tahajia haikuwa imetulia na mwandishi aliandika kadiri alivyosikia. Katika rejista ya Stratford-upon-Avon, tarehe 26 Aprili 1564, kuna mstari mfupi wa Kilatini: «Gulielmus filius Johannes Shakspere», yaani William mwana wa John, ndiye mwandishi wa tamthilia William Shakespeare. Mwaka 1582, katika karatasi za ruhusa ya ndoa yake, mtu huyohuyo ni «Shaxpere» siku moja na «Shagspere» siku iliyofuata. Kwa hiyo jina lisomwe kwa sauti kabla ya kukataliwa, na uthibitisho utafutwe katika jina la baba, kijiji na tarehe.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1752 mwaka wa kisheria nchini humo ulianza tarehe 25 Machi, si Januari Mosi. Ukikuta wenzi waliofunga ndoa Aprili 1700 na mtoto wao akabatizwa Februari 1700, usidhani kwamba mtoto alitangulia harusi: Februari hiyo, kwa hesabu yetu ya leo, ni ya 1701, miezi 10 baadaye.

Rejista ikiwa imepotea au kuliwa na panya, yafaa kuulizia nakala ambazo parokia zilitakiwa kumpelekea askofu kila mwaka tangu 1598. Wakati huohuo parokia ziliamriwa kunakili madaftari ya zamani ya karatasi kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, Malkia Elizabeth I alipotwaa kiti cha enzi. Makasisi wengi walianzia mwaka huo na kuiacha ile miaka 20 ya mwanzo, na ndiyo maana rejista nyingi, ikiwemo hiyo ya Stratford, hufunguka kwa mwaka 1558.