Mlango Ukinyamaza, Usikimbilie Mota: Dhana Potofu Kuhusu Senta Loki

"Fundi, mota ya mlango imekufa, nyingine hii hapa, wewe funga tu." Kauli hii nimeisikia mpaka siku hizi sibishani tena. Mota hiyo ni ya senta loki, yaani mfumo wa umeme unaoloki na kutoa loki milango ya gari. Naufungua mlango nusu, nabonyeza swichi ya loki huku nikiuchezesha mlango taratibu, mbele na nyuma. Mara nyingi mota "iliyokufa" hufufuka mlango ukifika pembe fulani, kisha ikafa tena ukisogea kidogo. Mwenye gari hunitazama mimi; mimi huitazama ile mota mpya iliyo mkononi mwake, ambayo dukani hawataipokea tena.

"Mlango hauloki, kwa hiyo mota imekufa"

Tuelewane kwanza mota inavyopata umeme. Katika mifumo mingi ina waya mbili tu. Usipogusa kitu, waya zote mbili zimekaa kwenye hasi kupitia relei zake, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Ukiloki, relei moja inaupa waya wa kwanza volti 12 kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya sekunde moja, na mota inazunguka upande mmoja. Ukitoa loki, relei ya pili inaupa waya wa pili chanya, mota inazunguka kinyume. Kila safari waya mmoja unaleta, mwingine unarudisha. Ukikatika mmoja tu, mlango unakuwa bubu kotekote: hauloki, hautoi loki, na mota yenyewe haina hatia.

Waya hizo hukatikia wapi? Kwenye ule mpira ulio kati ya mlango na nguzo ya gari, karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, waya zilizomo humo hukunjwa na kunyooshwa, na shaba huchoka. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote, ndiyo maana mara nyingi ndio wa kwanza kusumbua. Mlango wa nyuma wa kunyanyua nao una tabia hiyohiyo. Ubaya ni kwamba plastiki ya juu mara nyingi hubaki nzima huku shaba ndani imekwisha. Ukiangalia kwa macho utaapa waya ni mzima. Vua mpira, shika waya mmoja mmoja, vuta polepole. Ule unaorefuka mkononi ndio mgonjwa wako.

Jaribio la kuchezesha mlango halihitaji kifaa hata kimoja, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kutoa hela. Angalizo ni kwamba baadhi ya magari hayakubali kuloki mlango wa dereva ukiwa wazi, kwa makusudi, yasikufungie funguo ndani. Hapo jaribu upande wa kutoa loki. Tena, kama kioo cha umeme au spika ya mlango huohuo vimeanza kukatakata majira yaleyale, sioni sababu ya kuendelea kuituhumu mota. Vitu hivyo vyote vinapita kwenye mpira mmoja.

Sasa wanakuja wenye mita. "Nimepima fundi, volti 12 zinafika, kwa hiyo ni mota." Hii inaniudhi zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu imevaa nguo za utaalamu. Mita ya kidijiti haili umeme wa maana. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba utaionyesha mita volti 12 kamili bila aibu. Mota ikianza kuzunguka inataka amperi kadhaa, unyuzi ule hauwezi kuzibeba, volti zinaporomoka na mota inakaa kimya au inaguna tu. Kupima volti bila mzigo kunakuambia kwamba njia ipo. Hakukuambii kama inapitika.

Pima kwa mzigo. Chukua balbu ya indiketa au ya breki, ya wati 21, inayokula karibu amperi 2. Chomoa soketi ya mota, unganisha balbu kati ya zile pini mbili za mota, kisha loki na utoe loki. Balbu inatakiwa imweke kwa nguvu mara zote mbili. Ikimweka vizuri pande zote na mota ikiunganishwa haifanyi kitu, haya, sasa nenda kanunue mota. Ikiwaka hafifu au isiwake, rudi kwenye mpira. Balbu ina faida nyingine: umeme wa loki ni wa kitambo kifupi sana, na mita nyingi za bei rahisi huwa bado zinafikiri wakati umeme umeshaondoka. Jicho halikosi mwako wa balbu.

Usiitumbukize balbu hiyo kila mahali, lakini. Soketi ya kitasa huwa na pini nyingine nyembamba za swichi ndogo zilizomo ndani, na magari yenye moduli (kompyuta ndogo) mlangoni yana waya za data. Hizo balbu ya wati 21 haizihusu. Tafuta mchoro wa waya wa gari lako kwanza. Soketi za njano ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, hizo hazipimwi kwa balbu wala kwa ujasiri.

Ukishampata mgonjwa, tafadhali, usisokote waya na kuuzungushia tepu. Mahali hapo panakunjwa kila siku. Kuchomea risasi kiungo katikati ya mpira nako si dawa, kwa kuwa risasi huufanya waya uwe mgumu, na waya mgumu hukatika pembeni tu ya kiungo. Ninachofanya ni kukata kipande chote kinachopita kwenye mpira na kuweka waya mpya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, mrefu kiasi kwamba kiungo kimoja kinakaa ndani ya mlango na kingine ndani ya nguzo. Zikiwa waya kadhaa, viungo visikae mstari mmoja, au utapata uvimbe usiopita tunduni. Kazi inachosha vidole, lakini hairudi.

Kwa haki ya mota: nazo hufa. Kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huisha, meno ya gia za plastiki huvunjika. Nyingi zina kinga ndogo ya joto ndani ambayo huzuia umeme mota ikipata moto, na ikichakaa huanza kuzuia mapema mno. Dalili ya mota mbovu ni mlango unaofanya kazi mara mbili tatu kisha ukagoma, ukiuacha upoe unarudi. Au unasikika ukijikongoja ilhali balbu inamweka vizuri. Sauti ya kusaga bila kitasa kusogea ni gia. Katika magari mengi ya karibuni mota na kitasa ni kitu kimoja, kwa hiyo utanunua vyote hata kama kilichokufa ni gia ndogo.

"Ni fyuzi tu"

Katika magari mengi fyuzi ya senta loki ni moja kwa milango yote. Milango mitatu ikifanya kazi na mmoja ukagoma, fyuzi umeshaipima kwa masikio. Ipime milango yote ikinyamaza kwa pamoja, na hapo usisahau relei, swichi kuu ya mlango wa dereva na betri iliyochoka.

Fyuzi inayoungua kila ukiibadilisha mara nyingi inakueleza kwamba kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni palepale kwenye mpira. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, hajatengeneza loki. Ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia waya zisiwake moto ndani ya mlango.

"Betri ya rimoti imeisha"

Inawezekana, kama rimoti haifanyi kitu ilhali swichi ya ndani inaloki milango yote. Betri ya duara ya volti 3 badilisha mwenyewe, huhitaji fundi. Lakini rimoti ikiloki milango mitatu na kuuacha wa nne, rimoti imeshamaliza kazi yake. Haina ishara ya mlango mmoja mmoja ya kusahau njiani.

"Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, loki imeharibika"

Fungua kwa nje, tazama ukingoni mwa mlango, kuna kiswichi chenye picha ya mtoto. Kirudishe.

"Piga dawa ya kopo, italegea"

Yale mafuta mepesi ya kopo yanayolegeza nati zenye kutu huondoa grisi ya kiwandani kwenye kitasa, yenyewe hukauka, na kinachobaki hunata vumbi. Mlango unakuwa mwepesi wiki mbili, mteja anafurahi, kisha unakuwa mzito kuliko mwanzo. Yakipenya kwenye swichi ndogo za ndani ya kitasa huingiza humo uchafu wote uliokuwa umetulia mahali salama. Kama kitasa ni kizito kikisukumwa kwa mkono, kisafishe, kikauke, kisha weka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo kwenye sehemu zinazosuguana. Na kama ni kizito kwa mkono, usishangae mota kushindwa: inasukuma mzigo ambao hata kidole chako hakiutaki. Mota mpya nayo utaiua vilevile.

"Gari linajiloki lenyewe, kompyuta imeharibika"

Kabla hujamruhusu mtu aguse moduli ya bei mbaya, fikiria swichi ndogo ndani ya kitasa. Ndizo zinazoliambia gari kama mlango umefungwa na kama umelokiwa. Ikiingia maji au kuchakaa, inatoa habari mbili kwa wakati mmoja, na gari linatii zote: linaloki, linatoa loki, linaloki tena, usiku kucha. Mara nyingi taa ya ndani pia huwaka ovyo au dashibodi hudai mlango uko wazi. Chomoa soketi ya kitasa cha mlango unaoushuku; vituko vikikoma, umempata.

Maji hayo yameingiaje? Mara nyingi ni fundi aliyetangulia, aliyeing'oa nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava ya mlango na kuitupa akidhani ni ya kuzuia vumbi. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango pembeni mwa kioo, hivyo ndivyo ulivyoundwa, na hutoka nje kupitia matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyaongoza huko. Baadhi ya magari yana kihisi cha eabegi kinachopima mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, na mlango usiozibwa unakidanganya. Ibandike upya kwa gundi nyeusi inayonata daima, na uzibue yale matundu ya chini ukiwa hapo.

Na ukimaliza kazi yoyote kwenye kitasa, mlango usiufunge bado. Ukiwa wazi, zungusha ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, loki, toa loki, kisha vuta mshikio wa nje na wa ndani. Ulimi ukifunguka kila mara, ndipo ufunge mlango. Mlango uliofungwa na kitasa kibovu ndani yake mara nyingi hauvuliki kava bila kuvunja kitu.