Protini ya bakteria "inachangia ugonjwa" kwa nguruwe, wanajuaje?

Utasikia protini fulani ya bakteria "inachangia ugonjwa" kwa nguruwe. Sawa, ila wamejuaje, maana bakteria mmoja ana protini kibao na nyingi ni za kuishi tu.

Chukua bakteria anaitwa Streptococcus suis. Huyu anakaa kwenye tonsili za nguruwe na wengi wanaye hata hawaumwi, ila akishapenya kwenye damu ndo unaona nguruwe mdogo anachechemea, viungo vimevimba, na akifika kwenye utando wa ubongo nguruwe analala ubavu anapigapiga miguu, wengine wanakufa ghafla. Sasa watafiti wa Ulaya walikuta aina kali za huyu bakteria mara nyingi zina protini mbili zinaitwa MRP na EF, na aina zisizo kali mara nyingi hazina. Hapo wengi tungesema kesi imeisha. Ila kukutwa eneo la tukio sio kwamba wewe ndo umeua.

Kinachofanyika ni hivi, unachukua bakteria yuleyule mkali unamfutia jeni inayotengeneza hiyo protini, hiyo tu, kingine chochote usiguse. Kwanza unamkuza maabara uone anazaliana kama kawaida, maana kama kadhoofika tu kwa ujumla basi jaribio halikuambii kitu. Alafu nguruwe wa umri mmoja unawagawa makundi, hawa wanapewa bakteria wa asili, hawa aliyefutiwa jeni, na kipimo kiwe sawa, ndo unafuatilia joto la mwili, kuchechemea, dalili za ubongo, na bakteria walioko kwenye damu na viungo. Atakayezidiwa anauawa bila maumivu, haachwi ateseke. Kuna na hatua ambayo wengi wanairuka nadhani sababu inasumbua: unamrudishia jeni yake, ukali ukirudi ndo unaweza kusema kweli ni yenyewe. Huu utaratibu aliuweka wazi Stanley Falkow wa Marekani mwaka 1988, kwa kufuata mawazo ya zamani ya Robert Koch, yule Mjerumani aliyeweka masharti ya kuthibitisha kijidudu fulani ndo kinaleta ugonjwa fulani.

Sasa MRP na EF? Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo, bakteria waliokosa hizo protini waliwafanya nguruwe wachanga waugue vilevile. Yani zilikuwa alama ya kutambua aina kali, na kwa kazi hiyo zinafaa, ila ugonjwa unakuja hata zisipokuwepo. Ganda la sukari linalomfunika bakteria nalo lilijaribiwa hivyohivyo (sio protini lakini njia ni ileile), hapo likitolewa bakteria anakuwa mnyonge, seli nyeupe zinammeza.

Ila protini isipoonyesha tofauti usiifutie mashtaka haraka, inawezekana ina mwenzake anayefanya kazi ileile. Mfano Actinobacillus pleuropneumoniae, bakteria mwingine anayeshambulia mapafu ya nguruwe, aina zake nyingine zina sumu za Apx zaidi ya moja, ukitoa moja iliyobaki bado inaua seli.